Mikato Miwili Sikioni

Ireri hakuwa na mbuzi hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nilipaswa kuanza nalo, na sikuanza.

Kazi yake ni kupakia mchanga kwenye malori, mtoni chini ya Kiritiri. Miaka kumi na tisa ya beleshi. Hakuoa, na mama yake alipofariki alibaki na kibanda na simu. Ndani ya simu alikuwa mtu mwingine. Katika kundi letu la WhatsApp la wafugaji, watu wa kutoka Mbeere hadi Ruiri kule Meru, alijiita Mfugaji Halisi. Alishauri juu ya minyoo, kwato na mbuzi wanaokataa watoto wao. Alishauri vizuri, maana alikuwa anasoma kila alichokipata. Mimi Nthiga nilifuata ushauri wake mara mbili na mbuzi wangu wakapona. Sikujua ni nani.

Mwezi wa Agosti mbuzi wangu sita waliibwa zizini. Wote nilikuwa nimewakata alama ya ukoo wetu, mikato miwili kwenye ukingo wa sikio la kushoto. Siku ya tatu nikapekua picha za kundi, nikawaona. Walikuwa wanakunywa maji mtoni, na chini Mfugaji Halisi ameandika, "Watoto wangu asubuhi ya leo." Damu ilinipanda kichwani. Niliingiza namba yake kwenye simu kana kwamba nataka kumtumia pesa, jina likatokea: Ireri. Nikaulizia, nikaambiwa anapakia mchanga mtoni. Tarehe ya picha sikuiangalia. Ilipigwa Julai, mwezi mzima kabla ya wizi. Mjinga mimi.

Tulimkuta mtoni saa nne asubuhi, sisi kumi na mmoja na fimbo. Nilikuwa wa kwanza kumpiga, begani, beleshi likamtoka. Wengine wakamvamia. Nilisikia jino likivunjika na nikafurahi, siwezi kuficha. Jirani yangu Kathuri alikuwa anachukua video na kuirusha kwenye kundi.

"Mbuzi wako wapi?" nikamuuliza.

"Si mimi nilichukua, Nthiga. Haki ya Mungu."

"Kwa group si ulisema ni wako? Ni wako ama ni wangu?"

Hapo alinyamaza. Aliiogopa simu ya Kathuri kuliko fimbo zetu. Angesema neno moja tu angepona, lakini watu mia mbili wangelisikia, na hao mia mbili ndio pekee waliowahi kumwita mfugaji. Kimya chake kilinitia wazimu. Nilichomoa kisu changu cha alama, nikamkalia kifuani, nikashika sikio lake la kushoto, nikakata. Mkato mmoja. Wa pili. Alilia kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa zizini. Mtu mmoja akaja na petroli ya pampu ya maji, akaanza kummwagia miguuni.

Simu zetu zikalia pamoja. Alikuwa Virginia, mama mfugaji wa Ruiri, ametuma kwenye kundi ujumbe wa sauti ambao Ireri alimtumia Julai. Kathuri akaufungua, na sauti ya Ireri ikatoka, tulivu, yeye mwenyewe akiwa chini anatapika damu.

"Virginia, wewe sitaki kukudanganya. Mimi sina mbuzi. Wale ni wa mtu anaitwa Nthiga, wa hapa kwetu. Nilipiga picha wakikunywa maji kwa shimo nimewachimbia hapa mtoni. Nthiga hanijui, lakini anapenda mbuzi wake sana. Ningekuwa nao, ningewachunga hivyo tu."

Petroli iliwekwa chini. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Nilibaki na kisu.

Virginia alifika jioni hiyo hospitalini Embu, alikolazwa Ireri. Walikuwa hawajawahi kuonana.

"Sasa wote wamejua sina kitu," Ireri alimwambia.

"Si mimi nilijua kutoka Julai? Na kuna siku hatujaongea?" Kisha akanigeukia mlangoni nilikosimama. "Wewe ndio Nthiga?"

"Ndio, mama."

"Toka hapa."

Polisi walinishika, nikatoka kwa dhamana, na kesi inaendelea. Wale mbuzi wangu sita hawajapatikana. Kwenye kundi wengi walimcheka Ireri kwa wiki moja, halafu mbuzi wao walipoanza kuhara wakamtafuta tena. Siku hizi anaandika kwa jina lake mwenyewe. Virginia alimletea mtoto wa mbuzi, jike, na Ireri hajamkata alama yoyote.

Mwezi uliopita nilimpelekea wawili kati ya mbuzi niliobaki nao, nikawafunga mlangoni kwake na kumwomba msamaha. Aliinama, akawapapasa masikio, kisha akanirudishia kamba.

"Rudi nao, Nthiga," alisema, akigusa sikio lake la kushoto. "Hawa wako na alama yako. Ya kwangu inatosha."