Mwaka Tulioigiza Hukumu

Mie nilikuwaga na ndoto ya kutengeneza muvi. Shule niliishia kidato cha pili na kamera sina, lakini kanisani kwetu Kunduchi nilipewa watoto wa shule ya Jumapili, nikasema basi, waigizaji si ndio hawa? Mwaka huo mchungaji akatuomba igizo la hukumu ya mwisho, lile la Mfalme anayewatenga watu kama kondoo na mbuzi. Furaha niliyokuwa nayo, utadhani nimeitwa ughaibuni.

Tukaanza na mavazi. Kwetu, shughuli bila sare si shughuli. Hata kwaya ikiimba hovyo, vitenge vikifanana vigelegele vitapigwa. Sie walimu tukakubaliana: mtoto mwenye nguo nyeupe awe kondoo, asiye nayo avae nyeusi, awe mbuzi. Tukaona tumemaliza.

Siku ya mazoezi, mbuzi mmoja akagoma. Alikuwa binti mdogo anayelelewa na bibi yake, muuza samaki wa kukaanga. Alisimama upande wa kushoto, mikono nyuma, machozi yakimdondoka.

"Nini tena, mama?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mie naenda motoni?"

"Hapana, tunaigiza tu."

"Si umesema tuigize kama kweli?"

Wenzake wa upande wa kulia wakadakia: "Mbuzi analia! Meee! Huko uendako utasaga na meno!"

Nikawafokea wale kondoo, yeye nikambembeleza kwa ubuyu. Wapi! Jioni bibi yake akaja kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Eti mwalimu, mjukuu wangu kagoma kula. Anasema Yesu hamtaki kwa sababu hana gauni jeupe. Na mie na mafuta yangu ya samaki, nyeupe nitaivalia wapi? Kwa hiyo na mie mbuzi?"

"Jamani, bibi!"

"Tena mbuzi kikongwe, hata supu sifai!" Akacheka, kisha akanishika mkono. "Nimemwacha nyumbani analia, mwanangu. Fanya kitu."

Alipoondoka nikafungua Neno, nikasoma taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Nikakuta jambo ambalo kwenye mazoezi tulikuwa tunaliruka. Kondoo wanashangaa! Wanamuuliza Mfalme ni lini walimwona ana njaa wakamlisha. Hawakuwa wanajijua. Na mbuzi nao wanashangaa vilevile. Hakuna aliyefika pale akiwa na sare yake.

Mie hukumu nilikuwa naiwaza kama mtihani wa taifa: ukariri, utetemeke, uombe swali gumu lisitoke. Kumbe kujiandaa kwenyewe ni sahani uliyompelekea jirani, maji uliyompa mpita njia, mgonjwa uliyekwenda kumjulia hali ukarudi zako na kusahau. Sisemi moto haupo. Imeandikwa, na mie si wa kufuta. Ila atakayetuhukumu ndiye huyohuyo anayejihesabu pamoja na wenye njaa. Nikiwaza hivyo namwogopa bado, lakini kama mtoto anavyomwogopa baba anayempenda.

Jumapili asubuhi nikatangaza: hakuna nyeupe wala nyeusi, kila mtoto na alichovaa. Mama mmoja akanuna. "Mwalimu, gauni nimelifua, nimelipiga pasi, sasa nikalivae mie?" Nikamwomba radhi. Mfalme wetu alikuwa mzee wa kanisa, mchonga vinyago wa Mwenge, sauti kama ngoma. Nikamwambia, "Baba, leo watenge mwenyewe, kwa utakachokiona."

Yule binti alikuja, ila aling'ang'ania sketi yangu. "Akinipeleka kushoto je?"

"Mfalme anakupenda," nikamwambia. Akaiachia sketi. Akaenda kupanga mstari na wenzake.

Wa kuigiza mwenye njaa alikuwa mtoto mdogo kuliko wote, kaketi kwenye mkeka mbele ya watu. Alipoona kanisa limefurika, akaangua kilio cha kweli. Kwenye mstari watoto wakazidi kutoa vifua, kila mmoja akitaka Mfalme amwone. Binti akachomoka, akaketi mkekani, akamfuta yule mtoto kamasi kwa upindo wa gauni, akammegea andazi alilokuwa nalo mfukoni.

"Wewe binti!" Mfalme akanguruma. "Njoo kwenye hukumu!"

Naye, bila kugeuka: "Subiri kidogo, Mfalme, huyu analia."

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akashika mbavu. Maneno ya hapo sikuwa nimempa Mfalme. Akashuka kitini, kitenge chake cha kifalme kikiburuta, akapiga magoti mkekani, akamwekea binti mkono begani.

"Njoo upande wangu, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Na huyu?"

"Na yeye."

Binti akainuka, akamshika mwenzake mkono, wakaenda upande wa kulia huku akiendelea kumfuta machozi, wala hakuangalia ni upande gani.