Ijumaa Aliyoisubiri Mama Pasi

Mimi ndiye niliyemfundisha Mama Pasi kutumia kalenda ya simu, kwa hiyo lawama zianzie kwangu.

Miaka kumi na minne tulikuwa pamoja pale kwa dobi, mimi mbele napokea nguo, yeye nyuma anapiga pasi. Mdomo alikuwa nao, jamani. Mteja akilalamikia mkunjo, anamuuliza, "Uko kwenye shati au usoni kwako?" Na watu walirudi, maana mkono wake ulikuwa safi.

Jambo moja tu halikutaniwa. Dada yake, aliyeolewa ng'ambo, hakuja kumzika mama yao, na kwa miaka sita hawakusemezana. Kisha dada akaugua moyo. Akatuma mwaliko kwenye kalenda: "Mdogo wangu, siku hii nzima ni yako, nitakupigia. Kesho yake napasuliwa." Saa hakuandika. Kwenye simu ya Mama Pasi, siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa hiyo alikuja na gauni la kutokea, utadhani simu ina macho. Akaiweka kando ya pasi. Kila ilipolia, mteja. Jioni nikamwambia, "Si umpigie wewe?"

"Aliyekosa ndiye anayepiga."

"Hasira hasara, mwenzangu."

"Hasara niliipata siku niliyomzika mama peke yangu."

Jumamosi asubuhi aliizima simu, akaitupa kwenye droo ya vifungo. "Amekwenda kupasuliwa bila hata kunisalimia. Basi, tumemalizana." Siku hiyo aliunguza mashuka mawili, yeye ambaye sijawahi kumwona akiunguza hata leso. 

Jumatatu shemeji yake akapiga simu ya dukani. Dada alifariki jana yake, Jumapili, akiwa katika upasuaji.

"Si alipasuliwa Jumamosi?" Mama Pasi akauliza.

"Jumamosi alingoja kukuche huko kwenu, akashinda akikupigia wewe, shemeji."

Akafungua droo, akaiwasha simu. Ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho nilimsomea mimi, macho yake yalikuwa yamejaa: "Naona bado umeninunia, mdogo wangu. Una haki. Kesho asubuhi naingia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Huko ng'ambo saa zinatutangulia kwa saba. Jumamosi yake ilianza saa sita usiku, na sisi huku bado tuko Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Kalenda ile ya kijinga, badala ya kuiacha Jumamosi iwe Jumamosi, ikaigeuza kwa saa zetu na kuibandika Ijumaa. Nikamchorea nyuma ya risiti. Nilitaka ajue kwamba hakudharauliwa.

"Umeona? Kosa ni la kalenda," nikamwambia. "Si lako."

Aliikunja ile risiti.

"Kalenda imekosea siku," akasema. "Lakini dada hakukosea. Nilikuwa nimemnunia kweli."