Friji la Nyuma ya Rafu

Mama mtunza stoo wa ofisi yetu hanunui kitu kabla hajakisoma. Balbu inayokula umeme kidogo ataigeuzageuza kama anayechagua nyanya, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, kidole kikifuata maandishi ya boksi mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Ukimharakisha anakwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, wameandika kwa sababu." Balbu za ofisi nzima alibadilisha yeye, na friji jipya la chumba cha chai alilichagua yeye, baada ya kuhesabu nyota za kuokoa umeme kwenye lebo ya kila friji dukani. Akipita koridoni amekumbatia maboksi, taa huzizima kwa kiwiko.

Sasa mita ya umeme inakimbia kuliko zamani, na hakuna anayejua kwa nini. Leo asubuhi tumezunguka naye chumba kwa chumba; anabandika sikio ukutani, anakuna kichwa, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mita. "Jamani, umeme unaliwa na nani?" Tulipofika stoo kwake nikasikia mngurumo nyuma ya rafu. Lilikuwa friji letu la zamani, lile tuliloliondoa kwa kula umeme, limechomekwa. Nikalifungua. Lilijaa balbu mpya, zimepangwa kama mayai.

"Mama, hizi zimefuata nini humu?"

Akashusha miwani, akatoa boksi moja la balbu lenye baridi, akaweka kidole penye mstari wa mwisho. "Soma mwenyewe. Hifadhi mahali penye ubaridi."

Nikasoma mara mbili. Kweli, wameandika.