Kumshusha Baba Kutoka Kalinzi

Baba yangu alikuwa haoni tena. Mtoto wa jicho alianza upande wa kulia, akahamia wa kushoto, na kufikia mavuno ya maharage alikuwa anatambua watu kwa sauti zao. Hospitali ya mjini Kigoma ilitangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja kufanya upasuaji wiki hiyo, na jina lake likaandikwa. Tatizo likabaki moja: nani atamshusha kutoka Kalinzi, kijijini kwetu mlimani. Mara ya mwisho aliposhuka alipanda bodaboda, wakaanguka kwenye kokoto, akavunjika mkono. Tangu hapo akawa haendi popote. Nilipompigia simu alinijibu taratibu, "Nitakuja ukinifuata mwenyewe, Adela. Sitaki kubebwa na mtu nisiyemjua."

Mimi nauza vitenge Ujiji na ninaishi Rusimbi. Gari letu dogo la otomatiki tulilinunua mimi na mume wangu, naye yuko kazini Uvinza, kwa hiyo mwendeshaji wa kila siku ni mimi. Lakini kila siku yangu ilikuwa ya sokoni na nyumbani, kwenye barabara tambarare. Mlima sikuwahi kuupanda.

Siku moja kabla ya kuondoka niliuliza kwenye kundi letu la simu, lile la wenye magari wa Kigoma. Watu huko huuliza kila kitu: kwa nini gari linavuta upande mmoja, upepo wa tairi uwe kiasi gani, taa ya njano ikiwaka uendelee au usimame. Nikaandika kwamba ninakwenda Kalinzi kumchukua mzazi mgonjwa, nijiandae vipi? Majibu yalimiminika. Mmoja aliniambia nijaze tairi mpaka ziwe ngumu, mwingine nipunguze upepo. Mwingine akauliza kwa nini nisimwachie mwanaume aendeshe. Katikati ya yote hayo, mama mmoja aliandika hivi: "Pitia kwangu Mwandiga asubuhi, nilitazame." Ni Mama Espe, mwenye pikapu anayochukulia ndizi na kabichi milimani. Tulikuwa tunafahamiana kwa maandishi tu.

Asubuhi nilimkuta Mwandiga kando ya barabara, amefunga kitenge juu ya sketi, anapakia matenga matupu kwenye pikapu yake. Ni mama wa makamo, wazazi wake walitoka Burundi zamani, na Kiswahili chake kina mlio wa kule, hata salamu huichanganya na Kirundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwakeye, Adela? Kumbe u mdogo hivi. Kwenye simu unaandika kama mama mkwe."

Nikacheka, na wasiwasi ukapungua kidogo. Alizunguka gari, akabonyeza tairi moja moja kwa kiatu, akafungua boneti akatazama maji na oili. Kisha akaniketisha kwenye usukani akanionyesha herufi zilizo chini ya D, ambazo sikuwahi kuzigusa.

"Hii S, na hii L, ndizo gia za chini. Ukianza kushuka, weka huku. Injini yenyewe itakushika. Breki uiguse na kuiachia, usiikanyage njia nzima. Umenisikia? Kupanda si kazi. Kazi iko kwenye kushuka."

"Nimekusikia, mama."

Baada ya Mwandiga barabara inaanza kuinuka, mwanzoni kwa upole, halafu bila huruma. Migomba inasogea karibu na lami, na hewa inabadilika hadi unaisikia puani. Nyuma, kila nilipothubutu kutazama kwenye kioo, ziwa lilikuwa limetandazwa chini, la buluu, milima ya Kongo ikionekana kama moshi upande wa pili. Nilikuwa naanza kujisifu moyoni nilipoona mshale wa joto umepanda kuliko nilivyozoea. Nikaendelea kidogo. Ukapanda tena.

Nilisimama mahali palipo na nafasi, nikazima injini, nikaandika kwenye kundi: gari linachemka, nipo mlimani peke yangu, nifanye nini? Mtu wa kwanza alijibu kwamba nifungue mfuniko wa rejeta nitie maji haraka. Wa pili akaandika kwa herufi kubwa kwamba nisithubutu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kila mmoja akileta habari za gari lake, na mimi nimesimama na dumu la maji mkononi nikitazama mvuke unaotoka kwenye boneti.

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti wa Mama Espe. "Adela, kama umeshika maji, weka chini. Usiguse huo mfuniko, utakuunguza uso. Fungua boneti, kaa mbali, ngoja mpaka uweze kuweka mkono juu ya rejeta bila kuuondoa. Hapo ndipo utie maji. Na kiyoyozi uzime, huko juu hakuna joto."

Nilikuwa nimesahau kabisa kiyoyozi. Nikakaa kwenye jiwe. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi shambani na majembe walisimama, wakanipa pole, wakaniuliza ninaenda kwa nani. Nilipomtaja Baba walimfahamu, wakakaa nami wakizungumza habari za kahawa na mvua mpaka chuma kikapoa. Nilipotia maji niliona mpira mmoja wa kupitisha maji unavuja pale unapoungana na rejeta. Klipu yake imelegea. Niliikaza kwa kisu cha jikoni nilichokuwa nacho kwenye kikapu cha chakula. Gari likawaka. Mshale ukatulia katikati, na mimi nikatulia pamoja nao.

Mchana nilifika Kalinzi. Wifi yangu Joselina, mke wa kaka anayekaa na Baba, alikuwa amepika ugali wa muhogo, dagaa na maharage. Baba alikuwa ameketi kibarazani, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimelisikia gari lako tangu kwenye kona ya chini. Linapumua kama mtu mwenye pumu."

"Limepanda mlima mrefu, Baba."

"Na kushuka je?"

Nikamwambia kwamba nimefundishwa. Jioni nzima alizungumza habari nyingine, lakini wifi alinivuta jikoni akaniambia, "Anaogopa. Amekwisha kuniambia mara mbili kwamba huenda macho haya yanamtosha kwa umri wake. Ukimwonyesha woga kesho, hatapanda."

Asubuhi iliyofuata tulimkalisha kiti cha mbele, nikamfunga mkanda mwenyewe. Wifi akatupakilia nyuma mahindi ya kuchemsha na nusu gunia la maharage. Nilipoanza kushuka niliweka gia ya chini kama nilivyoambiwa, na kweli injini ilinguruma ikatushika. Tulikwenda taratibu. Baba alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili, lakini alianza kuniuliza tumefika wapi, nami nikamweleza: hapa kuna kanisa, hapa wanaanika kahawa, hapa kuna mbuzi katikati ya njia.

Halafu likaja lori nyuma yetu. Lilinikaribia mpaka likajaa kwenye kioo changu, likapiga honi, likapiga tena. Hapakuwa na mahali pa kusogea ili lipite. Kila honi ilipolia mabega ya Baba yaliruka. Nikarudisha gia kwenye D ili niongeze mwendo nipate nafasi mbele ya kusogea lipite. Gari likachomoka, nikaanza kukanyaga breki kila kona, na sikuziachia. Mbele njia ilipanuka, lori likapita. Nikashukuru. Hapo ndipo niliposikia harufu, kama plastiki inayoungua, na nilipokanyaga breki kwa ajili ya kona iliyofuata, pedali ilizama chini ya mguu wangu kana kwamba nimekanyaga godoro.

Sikupiga kelele. Nilirudisha gia kwenye L. Injini ikalia kwa nguvu na gari likaanza kushikwa. Nikapampu pedali haraka haraka, ikarudi kidogo, ikazama tena. Nikaanza kuvuta breki ya mkono polepole, kidole kikiwa kimebonyeza kitufe chake ili nisifunge matairi ya nyuma ghafla. Upande wa kushoto kulikuwa na mtaro uliojaa nyasi, na juu yake ukuta wa udongo wa mlima. Upande wa kulia kulikuwa na hewa tu. Nikaliegemeza gari kwenye nyasi. Likakwaruza, likatikisika, likasimama limeinama upande wa Baba.

"Tumefika?" Baba akauliza.

Ningeweza kumwambia nimesimama kunywa maji. Asingejua. Niliwaza maneno ya wifi, na nikawaza pia kwamba mzee huyu amekabidhi mwili wake kwangu bila kuona chochote.

"Hatujafika, Baba. Breki zimepata moto zikagoma. Nimelisimamisha kwenye nyasi. Uko salama."

Alikaa akisikiliza, kama vile gari lenyewe litaongeza neno. "Wewe umeumia?"

"Hapana."

"Basi nipe hindi moja."

Nikammenyea hindi, nikampa. Niliweka matawi nyuma ya gari ili watu watuone, nikawasha taa za hatari, nikaandika kwenye kundi mahali tulipo. Safari hii hakuna aliyebishana. Mama Espe aliandika neno moja tu: "Nakuja." Alikuwa anapanda kufuata ndizi, na haukupita muda mrefu pikapu yake ikatokeza kwenye kona ya chini.

Alimsalimia Baba kwanza, kwa Kirundi chake, na Baba akamjibu kwa Kiha. Wakaelewana vizuri kabisa. Kisha akapiga magoti, akachungulia kila tairi kuona kama kuna maji ya breki yanayovuja. Hakukuwa na alama. Akafungua kichupa cha maji hayo chini ya boneti akakitazama.

"Yapo, lakini meusi kama chai ya rangi. Yamezeeka haya. Yakipata moto yanachemka, mguu unakanyaga mapovu." Akanitazama. "Yupo aliyewahi kukuambia uyabadilishe?"

"Hakuna."

"Ndiyo. Na mimi nililitazama jana, nikaangalia maji na oili, hiki sikukifungua. Kosa langu na mimi."

Tulisubiri mpaka magurudumu yakapoa. Pedali ikawa ngumu tena. Alilitoa gari mtaroni, akaliendesha mwenyewe kidogo kurudi juu na kushuka, akijaribu breki mara kadhaa, akarudi akasema litafika Mwandiga kama litakwenda polepole nyuma ya pikapu yake. Halafu akamgeukia Baba. "Mzee, wewe njoo ukae na mimi. Gari langu ni zito, limezoea mlima huu."

Lilikuwa wazo la busara, na mimi nilikuwa tayari kumfungulia mlango. Baba akatikisa kichwa.

"Nashukuru, mama. Nitakwenda na huyu. Ameniambia ukweli wakati angeweza kunidanganya."

Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pikapu mbele, sisi nyuma, gia ya chini mwanzo hadi mwisho, na waliotaka kupita walipita. Honi zilipigwa, sikuzijali. Baba alianza kunisimulia namna walivyokuwa wakishuka njia hiyo kwa miguu na mizigo ya kahawa kichwani, walivyokuwa wakipumzika kila penye kivuli, na sauti yake ilikuwa imelegea, si ya mtu anayeogopa. Barabara iliponyooka na nikaona mabati ya Mwandiga, nilivuta pumzi ndefu hata Baba akaisikia.

"Sasa ndiyo tumefika?"

"Sasa ndiyo, Baba."

Gari lililala Mwandiga kwa fundi. Mama Espe mwenyewe alitufikisha Rusimbi, akakataa hata chai, kwa kuwa ndizi zake zilikuwa bado zinamsubiri mlimani. Nilipotaka kumshukuru aliniambia, "Mwingine akiuliza, na wewe mjibu." Jioni hiyo nililala hata kabla ya wanangu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tangu siku hiyo nimejibu maswali mengi kwenye kundi lile, hasa ya wanaouliza kwa kujificha wakidhani watachekwa. Nawaambia maji ya breki huzeeka, yabadilishwe. Nawaambia kwamba anayekupigia honi nyuma hajui gari lako wala aliyekaa ndani yake, kwa hiyo mwendo ubaki wako. Na kabla ya kumwaga maji kwenye injini inayochemka, keti kwanza.

Baada ya bandeji kuondolewa nilimpeleka Baba Ujiji, ufukweni, gari likiwa limetoka kwa fundi. Alitazama ziwa kwa muda mrefu sana. Alitazama mitumbwi, akatazama wanawake wanaoanika dagaa, akanitazama mimi usoni akasema nimenenepa. Kisha akageuka akaliona gari. Akalizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akachungulia ndani.

"Ndilo hili?"

"Ndilo hili, Baba."

"Hili tulilotoka nalo Kalinzi?"

"Hilohilo."

Akatikisa kichwa, midomo ikimcheza kwa kicheko anachokizuia.

"Mungu ni mwema kwamba nilikuwa sioni," akasema. "Ningeliona kwanza, nisingepanda." Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akavuta mkanda akaufunga mwenyewe.