Nane Mbili na Kiti cha Domna

Mjomba wangu Argyris hushona makoti kwa vipande ambavyo wengine wamevitupa. Karakana kubwa zikishakata ngozi za manyoya, yeye hununua mabaki kwa gunia: miguu, mikia, ngozi za koo. Huyapanga mezani kwa rangi na kwa mlalo wa nywele, kisha huyaunga mpaka usione palipoungwa. Hapa Kastoria, mji wetu wa kando ya ziwa, babu zetu wote waliishi kwa kazi hiyo. Siku hizi wamebaki mafundi wachache, na mjomba husema yeye amebaki kwa sababu hakuwahi kujua namna ya kuondoka.

Domna alijua. Alikuwa akishona jirani yake karakanani, na ndiye mwanamke pekee aliyecheza poka na wanaume saa ya chakula. Walicheza kwa vifungo vya makoti. Kazi ilipoanza kuhamia nchi nyingine, alipata nafasi New York kwa binamu yake, akamwambia mjomba waende wote.

"Nipe mpaka Pasaka," mjomba alimjibu.

Pasaka ilipofika akaomba mpaka maharage yavunwe. Domna akaenda peke yake. Aliolewa huko, akafiwa na mume huko. Mjomba hakuoa. Mama yangu, ambaye ni dada yake, husema hakuna aliyemkosea mwenzake. Huenda ni kweli. Lakini mjomba akifika mtaa wa ile karakana ya zamani huvuka barabara, apite upande wa pili.

Kwetu Mwaka Mpya ni siku ya karata. Mkahawani kwa Bibi Polyxeni hukatwa keki kwanza: kipande cha Kristo, kipande cha nyumba, kipande cha aliye ugenini, ndipo vije vya walio hai na walio hapa. Mezani ni vilevile. Kiti kimoja huwa cha aliye ugenini. Hupewa vifungo sawa na wengine na hugawiwa karata kila raundi. Zamu yake ikifika, karata zake hutupwa bila kufunuliwa, na dau la lazima huchukuliwa kwenye vifungo vyake hadi viishe. Bibi Polyxeni ndiye hutaja jina la kiti. Mwaka huu aliweka kitambaa safi juu ya egemeo akasema, "Domna." Akaenda zake jikoni.

Mwaka huu pia zawadi haikuwa ya kawaida. Chama cha watu wetu wa New York kilikuwa kimeleta tiketi ya ndege, ya kwenda huko na kurudi. Wa pili angepata bata mzinga, aliyekuwa amefungwa uani akilalamika. Mjomba alikuja na koti ambalo huvaa kwenye harusi za watu. Kila mtu alijua anachokitaka. Kwa mapato ya vipande vya mikia, tiketi ile asingeinunua maishani.

Nilikaa nyuma yake na kitabu ambacho sikusoma.

Mchana ulipoanza kuinama walikuwa wamebaki wawili na kiti. Kosmas, mwenye kituo cha mafuta, alikuwa na mlima wa vifungo. Mjomba alikuwa na fungu dogo, nalo kila raundi lilimegwa na dau la lazima. Kiti cha Domna kilikuwa na vifungo vya kuhesabika kwa vidole.

"Fundi viraka," Kosmas alisema akichanganya karata, "hivyo vifungo vyako havifungi hata shati."

"Gawa, Kosmas. Mdomo wako hauna breki, nawahurumia wenye magari."

Watu wakacheka. Kosmas akagawa. Mjomba akainua pembe za karata zake kwa kidole gumba, nami nikachungulia juu ya bega lake: nane ya kopa na nane ya shupaza.

Nane mbili ni karata za kati. Si ndogo za kutupa, wala si kubwa za kujivunia. Mwenye vifungo vingi anaweza kulipia kidogo, akatazama zinazofunuliwa katikati ya meza, na zisipompendeza akajiondoa bila maumivu. Mwenye vichache hana anasa hiyo. Akilipa kidogo atazame, atakuja malkia au mfalme mezani, na hatajua tena amesimama wapi. Akitupa, dau la lazima linamrudia na kumla. Njia yake ni moja: kusukuma vyote, tena awe wa kwanza, wakati fungu lake lingali na uzito wa kumfanya mwenzake asite. Mjomba ndiye aliyenifundisha haya, na yeye alifundishwa na Domna. Ila sikuwahi kumwona akiyafanya. Kila mwaka alisubiri karata bora mpaka vifungo vikamwishia mkononi.

"Subiri kiti kife kwanza," mzee mmoja alimnong'oneza kwa sauti ya mkahawa mzima kusikia. "Raundi moja tu, Argyris! Bata ni wako!"

"Bata keshamzoea," Kosmas alisema. "Sikilizeni anavyomwita."

Mjomba hakucheka. Alikitazama kile kiti na vifungo vyake vichache juu ya meza. Nadhani aliona aibu kukaa akingoja viishe ili yeye apate kitoweo. Mwalimu wa poka angesema hiyo si sababu. Sababu nyingine, ile ya kweli, ilikuwa mkononi mwake.

Akasukuma vyote.

"Mjomba," niliita.

Zile karata za kiti zikatupwa kama kawaida. Kosmas akakuna shingo. Alitazama zake mara mbili, akashusha pumzi.

"Ndugu yangu, nina mjukuu kule Astoria, New York, hajabatizwa. Sijawahi kumshika. Usinione mbaya." Akaweka vifungo vya kutosha, akafunua ree na malkia.

Mjomba akafunua nane zake. Alikuwa mbele, kwa nafuu ndogo. Zikafunuliwa karata tatu: mbili, saba, tisa. Mkahawa ukapumua. Ya nne ikawa nne. Bibi Polyxeni alikuwa ametoka jikoni akiwa na unga mikononi. Ya tano ikawa malkia wa uru, na Kosmas akawa na malkia wawili.

Hakuna aliyeshangilia. Kosmas alisimama akamkumbatia mjomba, na mjomba akampigapiga mgongoni kama yeye ndiye mfariji. "Kambatize," alimwambia. Kisha akavaa kofia akatoka nje, nami nikamfuata na skafu yake.

Alikaa kwenye benchi linalotazama ziwa. Mikono yake imekakamaa kwa miaka ya sindano, hivyo hawezi kushika simu sikioni kwa muda mrefu. Huiweka pajani na kufungulia sauti. Nilitaka kuondoka, akanionyesha nikae. New York ilikuwa asubuhi.

"Polyxeni kanipigia," Domna alisema, hata salamu bado. "Umetoka kabla ya kiti changu. Kiti kitupu kimekushinda!"

"Kimenishinda."

"Ulikuwa na nini?"

"Nane mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nilisukuma vyote."

Nilisikia bomba la maji likifungwa upande wa pili wa dunia.

"Wa kwanza? Au ulimsubiri Kosmas?"

"Wa kwanza."

"Basi ulicheza sawa," alisema polepole. "Kufungwa ni jambo lingine. Na mimi, kiti changu kilikuwa na nini?"

"Hatukufunua. Huwa hatufunui, Domna."

"Mnanigawia karata, na hamna hata mmoja anayetaka kujua nimeshika nini." Alicheka, kisha kicheko kikakatika mahali fulani.

Mjomba alivua kofia akaiweka juu ya goti.

"Mimi nataka kujua," alisema. "Tiketi sina. Njoo wewe. Nyumba ina jiko la kuni, na chumba cha mashariki hakivuji. Njoo, Domna."

Ndege wa majini walikuwa wakipigania mkate aliowatupia mtu.

"Nipe mpaka Pasaka," Domna alisema.

Sikuweza kujua kama anatania, na sidhani mjomba alijua. Alibaki akiitazama simu pajani, mdomo wazi kidogo, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameketi upande wa pili wa maneno yake mwenyewe.

"Nakupa," alisema.