Posa Inayosubiri Ubingwa

Ipo siku moja inayonirudia kila ninapokusikia ukisema "mwakani", mwanangu Benja, na kwa kuwa neno hilo hulichoki, siku hiyo nayo hainipi nafasi ya kupumzika. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, huko kwetu juu milimani, njia ya kwenda Mgeta, kwenye uwanja wetu ule ulioinama. Nitakusimulia. Ila kwanza niache nikugombeze kidogo, maana nimekaa na maneno haya tumboni tangu masika yaanze na sasa yananikosesha hamu ya kula.

Nimeambiwa, na aliyeniambia ni mama yako, dada yangu, ambaye hana tabia ya kuongeza chumvi, kwamba ulisimama kwenye kibanda umiza kule mjini, mbele ya wanaume wazima waliokuja kuangalia mpira kwenye televisheni, ukaapa kwamba hutapeleka posa kwa kina Vero mpaka timu yako ya Uingereza ichukue ubingwa. Wenzako wakakupigia makofi. Kesho yake Vero akaletewa habari akiwa kwenye cherehani yake, akacheka, akadhani ni utani wa vijana. Msimu ukaisha mkawa wa pili. Ukaanza mwingine, ukaisha, mkawa wa pili tena. Sasa binti wa watu hacheki.

Nilipokuita nikakuuliza, ulinijibu kwa adabu zote, shikamoo ikatangulia, upuuzi ukafuata.

"Mjomba, usiwe na haraka. Tunajenga kikosi. Kocha amebakiza namba tisa tu, dirisha la usajili likifunguliwa anamaliza kazi."

Namba tisa! Hapo nyuma alibakiza kiungo mkabaji. Alipompata, ikawa beki wa kushoto, kwa sababu yule mliyekuwa mkimsifu goti lake lilikataa. Namba tisa akija, kipa atakuwa amezeeka, mtaanza kumtafuta kipa. Na kila mara unasema "tunajenga", "tumesajili", "tumemuuza". Wewe umemuuza nani, Benja? Kocha yule akikutana nawe pale stendi ya Msamvu atakuuliza basi la Dodoma linaondoka saa ngapi, kisha atakwenda zake.

Usidhani sijui mpira. Mabenchi ya kibanda umiza nami nayakalia, mgongo ukiniruhusu. Ligi ile ina timu ishirini, na kila Agosti nne au tano zinaitwa mabingwa watarajiwa. Mwezi wa tano inabeba moja. Zilizobaki zinauza, zinanunua, zinamfukuza kocha na kumleta mwingine, naye akifika tu anaomba apewe muda. Anapewa, kwa kuwa wao muda wanao. Mashabiki wa kule timu ikifungwa wanatukana wee, halafu wanarudi nyumbani kwa wake zao. Wewe unarudi kwa nani?

Haya. Tupande mlimani.

Uwanja wetu ulichongwa ubavuni mwa mlima, na waliouchonga walichoka kabla haujanyooka. Goli moja lilikuwa juu, karibu na kanisa. Jingine lilikuwa chini, na nyuma yake palikuwa na bonde lililoshuka mpaka mtoni. Wavu haukuwepo. Mpira ukipita goli la chini, uwe bao au usiwe bao, ulikwenda bondeni, na aliyeufuata alirudi akihema. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa pale tulikuwa na utaratibu wetu: kipindi cha kwanza tunapanda, miguu ikiwa bado mizima, kipindi cha pili tunashuka. Hata bibi zetu walilijua hilo, na hawakuwa wanajua kitu kingine chochote cha mpira.

Beki wetu wa kati alikuwa kaka yangu Dominiki. Ndiyo, mjomba wako Dominiki, huyo huyo unayemwona akinyanyuka barazani redio ikianza kutangaza mpira. Umewahi kujiuliza kwa nini ananyanyuka? Hujawahi, ulikuwa unasikiliza matokeo. Siku zile hakuna aliyempita Dominiki kwenye mteremko ule. Alijua mpira utadundia wapi, alijua ni jiwe gani litaugeuza, na alisimama akiusubiri wakati mshambuliaji wa watu anaukimbilia.

Alikuwa akimpenda msichana wa ng'ambo ya mto, Skolastika, sisi tukimwita Skola, aliyelima karoti na kabichi na mama yake. Naye alimpenda, hilo halikuwa siri. Lakini tulipofungwa fainali ya kombe la parokia, Dominiki alikasirika mno, akasema mbele ya timu nzima kwamba hatakanyaga kwa kina Skola kuposa mpaka awe ameshika kombe mkononi. Tukampigia makofi. Nami nilipiga, nilikuwa mdogo wake, ningefanyaje?

Mwenyekiti wa timu, Bwana Kolmani, naye kuwa wa pili kulimuuma. Akaamua kujenga kikosi. Yeye aliita kuleta damu mpya, lakini ni wimbo wenu huo huo. Alikwenda Turiani kwenye mashamba ya miwa, akapita Mzinga kwa vijana wa kiwandani, akarudi na wachezaji warefu wenye viatu vya njumu, wanaopiga danadana mpaka watoto wanashangilia mazoezini. Wakulima wa karoti tukaambiwa ahsanteni. Mimi nilibakizwa pembeni, winga, kwa sababu ya mbio. Dominiki aliachwa kabisa. Mzito, mwenyekiti alisema.

Sasa itazame nadhiri ya kaka yangu ilivyobaki. Kuoa kwake kulikuwa mikononi mwa timu, na timu yenyewe hayumo. Vijana wa Turiani waliokuwa wakikimbia pale hawakumjua Skola wala hawakujua kama kuna mtu anasubiri kuoa. Dominiki ungemwambia aachane na jambo hilo, anakujibu, "Nimeshasema mbele ya watu." Kiburi kile kimekuja kwako, sijui kimepita njia gani, maana hukunyonya kwake.

Ikafika fainali nyingine, na ikachezwa kwetu. Nahodha wetu mpya, kijana wa Turiani mwenye sauti nzuri, alishinda kurushwa kwa shilingi. Akatazama uwanja, akaona upande wa kushuka ni mrahisi, akachagua kushuka kwanza. Nilimkimbilia nikamwambia, "Bwana, hapa tunaanza kwa kupanda." Akanipigapiga begani, akasema nisiogope. Pembeni nikasikia wanawake wanaguna.

Kipindi cha kwanza tulicheza mpira ambao mlima ule ulikuwa haujauona. Tulifunga mabao mawili, mazuri yote, na Bwana Kolmani akawa anapeana mikono na watu kana kwamba harusi ni yake. Kipindi cha pili tukageuka kupanda. Wale vijana wa tambarare walikwenda vizuri kidogo, halafu wakaanza kushika viuno. Pumzi za Turiani ziliishia Turiani. Wageni wetu, vijana wa kijiji cha milimani vilevile, walikuwa wamepanda kipindi kizima bila haraka, sasa wakawa wanateremka kwetu, na pale katikati nyuma hapakuwa na mtu anayejua jiwe lipi linageuza mpira. Bao la kwanza. Bao la pili. Kila bao, kwa kuwa goli halina wavu, lilikwenda bondeni.

Na aliyekuwa akishuka bondeni kuufuata mpira ni Dominiki. Hakuna aliyemtuma. Alisimama nyuma ya goli la chini, na mpira ukipita alikimbia mpaka mtoni na kurudi nao kifuani akiwa amelowa, aurushe uwanjani haraka, timu ipate muda wa kufunga tena. Kila bao lililomsogeza Skola mbali naye, yeye ndiye aliyelifuata.

Mjomba wetu Gaspari, kaka wa mama yetu, alikuwa amesimama hapo hapo nyuma ya goli. Huku kwetu Uluguruni unajua mwenyewe, mtoto ni wa upande wa mama, na siku ya posa anayesimama mbele za watu ni mjomba. Mzee yule alikuwa ameshajiandaa kwa maneno yake tangu mwaka uliopita, na subira ilikuwa imemwisha. Akamshika Dominiki mkono.

"Dominiki, huo mpira ni wa nani?"

"Wa timu, mjomba."

"Timu hiyo wewe umo?"

"Simo."

"Na Skola yuko wapi?"

Dominiki akainua kidevu kuelekea juu, upande wa kanisa, walikokuwa wamekaa wanawake. Skola alikuwa huko, na wala hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama chini kwetu.

"Basi panda," mjomba akasema. "Wazazi wake wote wawili wapo pale. Mbio zote hizi unazipeleka mtoni za nini? Panda ukawaamkie, mimi nipo nyuma yako. Hao wanaohangaika humu ndani hawajui hata jina lako, nawe umewaachia wakuamulie siku ya kuoa!"

Nilikuwa karibu, nimeinama nashika magoti, nikasikia kila neno. Nilimwona kaka yangu anatazama juu. Nilidhani anakwenda.

"Mjomba, bado kuna dakika chache," akasema, akaurusha mpira uwanjani.

Na mpira ukapita tena, bao la tatu, naye akageuka akaufuata bondeni.

Skola alisubiri mwaka, akaongeza na mwingine. Kisha alikuja mtu wa reli kutoka Kisaki, akiwa na mjomba wake, wakabisha hodi vizuri, wakakaribishwa. Kabla ya kuondoka Skola alipita nyumbani kumuaga mama yetu, akamwachia kapu la karoti. Dominiki hakuwepo. Alikuwa uwanjani, anaangalia mazoezi ya timu asiyoichezea.

Kombe lilikuja, usidhani halikuja. Bwana Kolmani alipochoka na vijana wa njumu aliwarudisha wakulima, wakapanda kwanza wakashuka baadaye, wakashinda. Walipita na ngoma mbele ya nyumba yetu. Wakamwita Dominiki, wakampa alishike, kwa heshima ya mchezaji wa zamani. Alilishika, akaligeuza, akasema, "Kumbe jepesi." Akawarudishia, akachukua jembe lake. Hakuoa. Mpaka leo hajaoa, na nyinyi watoto mmekua mkidhani ndivyo alivyopenda.

Basi nisikilize, mwanangu, nimechoka kuzunguka. Penda timu yako. Ikifungwa kasirika, ikishinda piga kelele mpaka majirani wakuseme, hilo sikukatazi. Hata ukitaka ushauri wangu juu ya kikosi chenu ninao: acheni kuwauza mabeki mnaowajua kwa kutamani wasiowajua mazingira yenu. Lakini maisha yako usiyaweke miguuni kwa watu ambao hawatajua kama umeoa au umezeeka barazani. Hakuna kikosi kinachokamilika. Kila mwaka kitabakiza mtu mmoja, na wewe utabaki na mwaka mmoja pungufu. Kuhusu kiapo chako, kama kinakusumbua nenda kwa padri, akimaliza kucheka atakufungua. Ulichokisema mbele ya watu kinaweza kufutwa mbele ya watu hao hao. Utaona aibu jioni moja. Aibu ya Dominiki imekula ujana wake wote.

Na kuna jambo ulikuwa hulijui. Kwa kina Vero wameshakuja watu kutoka Turiani. Ndiyo, Turiani, nami nilishika kichwa. Mjomba wake Vero ni mtu muungwana, amewaambia warudi baadaye, akanitumia salamu kimyakimya akiuliza kama sisi tupo au hatupo.

Nilikwenda kwa Dominiki kumtaka shauri, nikiogopa atanyanyuka aondoke kama kawaida yake. Hakunyanyuka. Nilimweleza yote, timu, kiapo, kibanda umiza, namba tisa. Akauliza kitu kimoja tu.

"Huyo binti bado yupo?"

Nikamwambia bado yupo.

"Basi nitasema mimi," akasema. "Mkubwa wa wajomba ni mimi."

Nililia mbele yake, Benja. Maneno ya kuposa kaka yangu ameyapanga tangu ujana wake, na hajawahi kuyasema mbele ya mlango wa mtu. Koti lake sasa hivi lipo kwenye kamba, limefuliwa. Jana akaniuliza timu yako inacheza Jumamosi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja jioni. Akasema vizuri, tutabisha hodi kwa kina Vero saa kumi na moja, na wewe utakuwa umekaa katikati yetu, simu umeiacha kwa mama yako.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe ulimi laini mbele ya wakwe, akupe Vero na watoto watakaomchosha babu yao Dominiki kwa kelele. Na timu yako nayo aitazame, ipate hiyo namba tisa, ichukue huo ubingwa, ikukute nyumbani kwako.