Jiko la Darasa la Tatu

Shule yangu ya msingi, kule Elburgon, ilikuwa nyumba ya mzungu. Mwenyewe alipoenda zake, madawati yakaingizwa sebuleni, kengele ikatundikwa kwenye varanda, basi, ikawa shule. Historia tulisomea chumba alichokuwa akilia chakula. Tukakariri magavana mmoja baada ya mwingine mbele ya meko yake ya ukutani, na hakuna mwalimu aliyetuambia nani alikuwa anawasha moto ule.

Lakini kulikuwa na sheria moja: mwanafunzi hapiti mlango wa mbele. Ukipatikana kwenye ngazi zile, utajua hujui. Mvua inakunyeshea, unazunguka nyumba nzima na kuingilia jikoni, ambako ndiko kulikuwa darasa la tatu. Walimu wenyewe hawakujua sababu. Waliikuta sheria hapo, wakaiendeleza. Hata wazazi siku ya mkutano walizunguka, na nyanya yangu, Shosho, pamoja nao. Shosho hakuhitaji kuonyeshwa njia, na hilo lilinifanya nifure kwa hasira, kwa sababu nilijua vizuri ni wazungu waliomfundisha kupitia nyuma.

Kwa hivyo mwaka huu, niliposikia nyumba inabomolewa yajengwe madarasa ya mawe, na Shosho akanipigia simu, "Nipeleke nione hiyo shule kabla hawajaiangusha," nilijua anataka nini. Atapita mlango wa mbele, hata kama ni mimi wa kumbeba! Nilitoka kwangu Free Area asubuhi, gari nimeliosha utadhani tunaenda harusi.

Hedimasta, kijana mpole, alitufungulia mwenyewe. "Karibu, Shosho, pitia hapa."

Shosho akapanda ngazi na mkongojo wake, akapita mlango ule bila hata kuuangalia. Mimi nimetoa simu nimpige picha. Wapi! Alishaingia, anakata sebule, anapita chumba cha Historia, moja kwa moja hadi jikoni.

Madawati yalikuwa yametolewa. Lilibaki sinki la mawe chini ya dirisha, ambalo siku zetu tuliwekea chaki na vitambaa vya kufutia ubao. Shosho akaliwekea mkono.

"Mama yangu alikuwa anaosha vyombo hapa," akasema. "Mimi nakaa hapo mlangoni natoa minji kwa maganda. Akinipata nakula, ananirushia maji." Akacheka. Mungu wangu, kicheko cha msichana, ambacho sijawahi kukisikia kwake.

Huyo mama yake nilimjua kwa sentensi moja tu: alichukuliwa na lori la askari wa mkoloni wakati wa hali ya hatari, hakurudi. Kaburi hakuna. Picha hakuna. Magavana ndio walikuwa na picha, kitabuni, wote na masharubu yao. Na mimi miaka hiyo yote nikidhani Shosho anazunguka nyuma kwa woga. Kumbe alikuwa anakuja kwa mama yake.

Nilisoma chumba hicho mwaka mzima. Niliegemea sinki hilo nikila githeri, na hakuna aliyeniambia. Nikaingiwa na hamu ya mtu ambaye sijawahi kumwona.

Hedimasta akasema wanaweza kuliokoa sinki, waliweke pale bustanini na kibao kizuri.

"Asante, mwanangu," Shosho akamjibu. "Lakini likitoka hapa ni jiwe tu."

Kisha akanishika mkono, akanisogeza hadi dirishani, mbele ya sinki. "Simama hapa. Angalia nje, usigeuke."

Nikasimama. Nyuma yangu nikasikia mkongojo ukienda polepole hadi mlangoni, kisha pumzi yake akijishusha kuketi kwenye kizingiti. Huko nje watoto walikuwa wanacheza, na mimi sikuthubutu hata kufuta macho.

"Alikuwa mfupi kidogo kuliko wewe," akasema.